Kubishana, kujadiliana au kugombana? Kumchagulia neno la Kiingereza anayefikiri kwa Kirusi

Mwanafunzi wangu mmoja, mhandisi wa Moscow, aliniandikia kwa Kiingereza: "Yesterday I had a strong argument with my boss." Nilimwonea huruma. Nilidhani wamepandishiana sauti ofisini na sasa kazi yake iko shakani. Kumbe alikuwa na furaha. Alikwenda kwa bosi wake na sababu nzito ya kuomba likizo, bosi akaisikiliza, akamkubalia. Kwa Kirusi "argument" ni hoja, basi, haina ugomvi ndani yake. Kwa Kiingereza, ukisema ulikuwa na argument na mtu, kila anayesikia anajua mlikorofishana.

Baada ya siku hiyo nilianza kuyapanga maneno haya ubavu kwa ubavu: Kirusi huku, Kiingereza kule, Kiswahili katikati. Nimekiweka katikati kwa sababu kinambeba mwalimu. Mahali ambapo Kirusi kina neno moja pana, Kiswahili mara nyingi kimeshatenga matatu au manne, na mgawanyo wetu unakaribiana na wa Waingereza kuliko nilivyotarajia. Ninawaandikia wenzangu wanaowafundisha Warusi Kiingereza mtandaoni, wanaowatembeza wageni wa Kirusi Unguja, na wanaosoma Urusi na kulala bweni moja na watu ambao Kiingereza ndiyo lugha yao ya kukutania. Maneno ya Kirusi nimeyaandika kwa herufi zetu ili yasomeke.

Spor ni moja, Kiingereza kinataka ujue ni ipi

Neno la kuanzia ni "spor". Vijana wanaobishana nani mchezaji bora wa dunia, hiyo ni spor. Majirani wanaogombea mpaka wa shamba, spor. Wanasayansi wanaopingana kwenye majarida, spor pia. Kitenzi chake, "sporit", kinabeba hadi kuwekeana dau. Mrusi akikwambia "sporim?" huku amekunyooshea mkono, anataka muwekeane kitu. Mtashikana mikono, mtu wa tatu ataitenganisha kwa kiganja chake, na dau limefungwa. Hapo sisi tunamwelewa haraka, maana kupinga kwetu nako kuna maana mbili: kukataa anachosema mwenzako, na kuwekeana naye dau. "Tupinge!" ya Kiswahili na "sporim!" ya Kirusi zimesimama mahali pamoja. Kiingereza hakina daraja hilo. Dau ni "bet", na "bet" haina undugu na "argue". Nimeshasikia "I argue you ten dollars" darasani, na asiyejua Kirusi hawezi kuielewa hata kidogo.

Sasa tuyaweke maneno ya Kiingereza yenyewe.

"Quarrel" ni kugombana. Kuna hasira, na mara nyingi ni watu wanaojuana, na uhusiano wao unaumia. Mrusi anayo "ssora" kwa ajili hiyo, kwa hiyo hapa hapotei. Atakapopotea ni Marekani, ambako mke na mume waliorushiana maneno tu watasema "we had a fight". Nasi pia tunashtuka tukilisikia, tukidhani kuna mtu kapigwa. Waingereza wana lao, "row", linalotamkwa "rau". Likitamkwa "rou" linakuwa la kupiga makasia au la mstari wa viti.

"Discuss" ni kujadili, na halina ugomvi hata chembe. Linashika jambo lenyewe moja kwa moja: "discuss the plan". Mrusi hapa anapatia bila kufundishwa, kwa sababu kitenzi chake "obsuzhdat" nacho kinashika jambo moja kwa moja. Sisi ndio tunaokosea kwa kusema "discuss about", nadhani ni kwa sababu ya "kujadiliana kuhusu". Mwanafunzi akikusahihisha hapo, mkubalie tu, yuko sahihi. Lakini mwangalie akitumia neno lake la kigeni "diskussiya". Kwa Kirusi hilo lina uzito, watu wana misimamo na wanaitetea. Mara nyingi anachotaka kusema kwa Kiingereza ni "debate".

"Debate" ni mdahalo: kuna pande mbili na kuna wasikilizaji, na mara nyingi kuna mtu wa kuongoza. Kirusi wanasema "debaty", wingi daima, ndiyo maana utamsikia Mrusi akisema "debates were interesting" hata kama ulikuwa mdahalo mmoja.

"Dispute" ni mgogoro. Mgogoro wa ardhi, wa mpaka, wa mishahara, wa mkataba. Mtu hana dispute na rafiki yake juu ya filamu. Nitalirudia hapa chini, kwa sababu lina pacha wa Kirusi anayedanganya.

Limebaki "argue", na hili ndilo linalowasumbua zaidi, kwa sababu linaweza kuwa moto na linaweza kuwa baridi. Usimpe mwanafunzi tafsiri moja, mpe kinachofuata baada ya neno. "Argue with" mtu ni kubishana naye. "Argue that" ni kutoa hoja kwamba, na hakuna aliyekasirika: "She argued that the price was too high." "Argue for" ni kutetea, "argue against" ni kupinga. Jina lake, argument, linafuata mkondo huohuo. Ukisema "have an argument" mmekorofishana. Ukisema "make an argument", au ukalimilikisha, "her argument is weak", umerudi kwenye hoja. Mhandisi wangu alihitaji kubadilisha maneno mawili tu, kitenzi na kihusishi: "I made a strong argument to my boss."

Kama mwanafunzi ni mgeni kabisa na anaweza kubeba neno moja tu wiki hii, mimi humpa "disagree". "We disagree about this." Linaziba pengo la spor mahali pengi, halimchomi mtu, wala halimlazimishi kuamua kama ulikuwa ugomvi au mdahalo. "Argue" lije wiki ya pili.

Aliyejaribu na aliyefaulu

Hili ndilo somo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu Mrusi tayari analo kwenye sarufi yake, hajui tu kwamba linamsaidia.

Vitenzi vya Kirusi kwa kawaida huja jozi. Kimoja ni cha tendo linaloendelea au lililojaribiwa, kingine ni cha tendo lililofika mwisho. "Dokazyval" ni mtu aliyekuwa akihangaika kuthibitisha. "Dokazal" ni mtu aliyethibitisha, mambo yamekwisha. Vivyo hivyo "ubezhdal" na "ubedil": wa kwanza alikuwa anashawishi, wa pili amefaulu na mwenzake ameshashawishika. Kamusi huzitupia jozi hizi neno mojamoja la Kiingereza, "prove" kwa ya kwanza na "persuade" kwa ya pili. Matokeo yake ni sentensi kama "He proved me one hour that I am wrong", au "I persuaded him but he refused."

Sentensi hiyo ya mwisho kwa Kiingereza inajipinga. "Persuade" lina ushindi ndani yake. Kama umem-persuade, amekubali. Sasa jaribu kwa Kiswahili: "Nilimshawishi sana, akakataa." Hakuna Mswahili atakayeona kasoro. Kushawishi kwetu ni juhudi, na kufaulu tunakuonyesha kwa umbo jingine: akashawishika. Kwa hiyo hapa Kiswahili hakimsaidii mwalimu, tumesimama upande mmoja na Mrusi, na mwalimu Mswahili asiyeliona hili atapitisha kosa la mwanafunzi wake bila kulisahihisha. Mimi nilipitisha mengi.

Dawa yake ni kuzifunga jozi hizo pamoja. Dokazyval ni "argued", dokazal ni "proved". Ubezhdal ni "tried to persuade", ubedil ni "persuaded". Nikishamwonyesha Mrusi hivi mara moja, harudii kosa, kwa sababu tofauti hiyo anaisikia tangu utotoni kila afunguapo mdomo. Alichokosa ni kuambiwa kwamba Kiingereza nacho kinaitambua, ila kinabadilisha neno zima badala ya kubadilisha umbo la kitenzi.

Kuhusu "convince" na "persuade", tofauti ya zamani ni kwamba la kwanza ni la kuamini na la pili ni la kutenda. "He convinced me that the road was safe" na "She persuaded me to take it." Siku hizi wenye lugha wanayachanganya, kwa hiyo sitoi alama za chini kwa hilo.

Jirani yao ni "claim", na hapa Kiswahili kinang'aa. Kudai kwetu ni claim hasa. Mwandishi wa habari akiandika "anadai kwamba aliibiwa", ameshatuambia kuwa yeye mwenyewe hajathibitisha. Claim linafanya hivyohivyo, na linafanana na kudai hata kwenye haki na fidia: unadai fidia, you claim compensation. Neno la Kirusi "utverzhdat" halina shaka hiyo ndani yake. Ni kusema kwa uhakika. Ndiyo maana mwanafunzi mwenye nia njema kabisa ataandika "Scientists claim that smoking is dangerous", bila kujua kwamba amewatilia shaka wanasayansi wake mwenyewe. Mwambie aandike "Scientists have shown". Na kama wewe ndiye mwalimu, mfundishe neno kudai la Kiswahili. Mwanafunzi wangu mmoja analitumia mpaka leo kama kipimo: nikisema hivi, je, ninadai au nimeonyesha?

Sura moja, tabia mbili

Maneno mengi ya mabishano yaliingia Kirusi kutoka Kilatini na Kifaransa kwa njia ya wasomi. Yakabaki na kanzu ya shule. Kwa Waingereza maneno hayohayo yalishuka sokoni na majumbani, yakazoea watu wa kila aina na hasira zao.

"Disput" ni mfano mzuri. Kwa Mrusi ni mdahalo wa hadhara wa kielimu. Katika karne ya 19 hata utetezi wa tasnifu chuoni uliitwa hivyo. Katika miaka ya 1920, baada ya mapinduzi, Anatoly Lunacharsky, aliyekuwa kamishna wa elimu wa Kisovieti, alipambana kwa hoja na kiongozi wa kanisa Alexander Vvedensky juu ya dini, mbele ya watu waliojaa ukumbini. Hiyo ni disput. Anayekumbuka mihadhara ya kulinganisha dini iliyokuwa ikivuta umati Tanzania miaka ya 1980 na 1990, Biblia na Kurani zikifunuliwa meza moja, anajua hasa Mrusi anazungumzia nini. Lakini kwa Kiingereza "a dispute about religion" inaleta picha ya watu wanaogombana, pengine wamefikishana mahakamani. Neno la kumpa ni "public debate".

"Opponent" linaleta mkanganyiko mwingine. Katika vyuo vya Urusi, opponent rasmi ni msomi anayeteuliwa kuisoma tasnifu yako na kuihoji siku ya utetezi. Anaweza kuwa anaipenda kazi yako na akaisifu. Mwanafunzi akimwambia profesa wa Uingereza "my opponent praised my thesis", profesa atashangaa adui gani huyu mwenye roho nzuri. Aseme "examiner", kama sisi tunavyosema mtahini.

Kwa wanaofanya kazi hotelini na kwenye utalii, la muhimu kuliko yote ni "pretenziya". Kwa Kirusi ni lalamiko au dai dhidi ya mtu. Mgeni akija mapokezi na kusema "I have pretensions to your hotel", ana lalamiko, msikilize. Pretension ya Kiingereza ni majivuno, kujikweza. Neno alilolitafuta ni "complaint".

"Polemika" na "aktualny" tuyapitie haraka. La kwanza kwa Kirusi ni malumbano ya pande mbili, mara nyingi kwa maandishi, ilhali "polemic" ya Kiingereza ni shambulio la upande mmoja. La pili maana yake ni jambo la wakati huu, jambo linalowagusa watu sasa. Wao huandika "actual topic", na wanapaswa kuandika "topical" au "relevant". "Actual" ni halisi.

Hoja yetu nayo ina mizigo mingi

Nisiwaonyeshe Warusi peke yao. Sisi tuna "hoja", na tumeibebesha kila kitu. Bungeni Dodoma waziri akimaliza hotuba yake anasema "naomba kutoa hoja", na waheshimiwa wanasimama, "naafiki!" Hoja hiyo ni "motion", jambo linalowekwa mezani ili lipigiwe kura. Mdahalo wa shuleni nao una motion. Mfano unaojulikana sana ni wa Oxford Union, chama cha midahalo kilichoanzishwa mwaka 1823. Tarehe 9 Februari 1933 kilijadili hoja kwamba "ukumbi huu", yaani waliokusanyika humo, hautapigania kwa hali yoyote mfalme wala nchi, na wanafunzi wakaipitisha kwa kura 275 dhidi ya 153. Kwa Kiingereza motion iliyopita imekuwa "carried", iliyoangushwa imekuwa "defeated".

Lakini sababu unazozitoa kuitetea motion, nazo tunaziita hoja. Hizo ni "arguments". Na kile kiini kidogo ambacho mwenzako amekipatia, hapo pia tunasema "hapo una hoja". Hicho ni "point". Mswahili anayefundisha asipojitenganishia hizi tatu kichwani mwake, atamchanganya Mrusi, ambaye kwa maana ya sababu ya kutetea jambo anayo "dovod", neno safi kabisa lisilobeba kitu kingine. Mwambie dovod ni argument ya baridi, na ataelewa.

Kwa point, mfundishe sentensi mbili nzima azikariri. "You have a point" na "That's not the point". Ya kwanza ina thamani kubwa kwa anayebishana, kwa sababu inampa mwenzako haki yake katika sehemu moja bila kumwachia jambo zima. Ya pili inarudisha mazungumzo kwenye mstari.

Neno sahihi, sauti isiyo sahihi

Nimewaona wanafunzi waliokwisha kuyajua maneno yote hayo wakakosana na wenzao kazini. Kwa Kirusi "vy ne pravy", hujapatia, ni kauli ya kawaida kati ya watu wanaoheshimiana. Ukiihamisha ilivyo, "You are wrong", inatua kama kofi. Mswahili anaiona tofauti hii mara moja, kwani nani wa pwani atamwambia mtu mzima "umekosea" pasipo kutanguliza "niwie radhi, mzee wangu, hapo nina wasiwasi kidogo"? Wasiwasi huo mdogo ndio "I'm not sure that's right" ya Waingereza. Mweleze mwanafunzi kwamba si unafiki. Ni mlango ambao mwenzako anaachiwa wa kutokea bila kuaibika.

Lakini tusijiamini kupita kiasi. "Kwa heshima na taadhima" yetu ni heshima ya kweli, tunaianzia nayo barua na risala. "With respect", na zaidi "with all due respect", ni taarifa kwamba kinachofuata ni upinzani mkali. Mwanafunzi niliyemfundisha aitumie kwa nia ya kumpendeza bosi wake alijibiwa kwa ukali, na kosa lilikuwa langu.

"Of course" nalo linatuponza sote. Swali likiulizwa, "bila shaka" yetu na "konechno" ya Kirusi ni majibu ya ukarimu. Kwa Kiingereza inategemea swali. Ukiombwa kalamu, "of course" ni ukarimu. Ukiulizwa kama duka liko wazi, "of course" inasikika kama kusema swali lenyewe halikustahili kuulizwa. "Yes, it is" inatosha.

"I am agree" utalisikia kila wiki. Linatoka kwenye "ya soglasen", ambamo kukubali ni sifa ya mtu, kama kusema "mimi ni mwenye kuafiki". Kwa Kiingereza ni kitenzi, "I agree", kama kwetu "nakubali". Habari njema ni kwamba vihusishi vinavyofuata Mrusi anavielewa upesi kwa sababu analitofautisha jambo hilohilo: "agree with" ni kukubaliana na mtu, "agree to" ni kuridhia pendekezo, "agree on" ni kuafikiana juu ya jambo mlilolizungumza. "Dolzhen" nalo linamfanya aseme "you must" kila mahali. Akiwa anashauri, aseme "you should".

Anza na lipi

Inategemea anakwenda wapi. Mgeni wa likizo, au mwongoza watalii anayewapokea Warusi, anahitaji complaint, disagree, bet, na kuacha "of course" isiyo mahali pake. Anayefanya kazi ofisini na wageni, mpe kwanza "I see your point, but", kisha jozi za argued na proved, tried to persuade na persuaded. Hizo zitamsaidia kila siku kwenye barua pepe.

Anayejiandaa kwa IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza cha wageni, nampeleka kwingine kabisa. Kwenye insha ya pili ya sehemu ya kuandika, maelekezo huwa na maneno kama "discuss both views and give your own opinion", au "to what extent do you agree or disagree". Mrusi aliyezoea diskussiya anaisoma discuss kama wito wa vita, anachukua upande tangu mstari wa kwanza na upande wa pili hauonekani. Kwa hiyo kabla hajaandika neno, namwambia agawe karatasi kwa mstari wa wima, kushoto aandike wanaounga mkono wanasema nini, kulia wanaopinga wanasema nini, kila sentensi ianze na "argue that". Akishajaza pande zote mbili ndipo ninamruhusu kuandika, chini kabisa ya ukurasa, yeye mwenyewe yuko wapi.